Siku Saba za Majivu

Siku Bénédicte alipokuja na tableti ya shule na kuisogeza karibu na mdomo wangu, nilikaa wima, nikafunga kitenge vizuri, nikaanza kusema kama ninavyosemaga mbele ya maofisa.

Nilitaja jina langu, jina la baba, jina la babu, kijiji, mwezi na tarehe. Nikasema watu wenye bunduki walitokea upande gani, nani alianguka wa kwanza, nani wa pili, tulitembea siku ngapi mpaka mpakani. Nilisema dakika kumi bila kukohoa. Maneno hayo niliyasema Kabazana siku niliyopokelewa, nikayasema Base Camp mara nne, nikamwambia mama mmoja mzungu na mkalimani wake, na kila mara kwa mpangilio ule ule, kwa sababu ukikosea hata siku moja wanakuandika kuwa mwongo. Hapa kambini Nakivale kila mtu mzima anayo habari yake ya namna hiyo. Ameishika kichwani kama sala.

Mtoto alisema aksanti, akabonyeza, akaenda. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake akarudi, amesimama mlangoni na ile tableti kifuani.

"Mama, mwalimu amekataa."

"Amekataa nini?"

"Ile habari. Anasema ni habari ya biro. Batoto kumi na moja balileta, zote sawasawa, zote zinaanza na tarehe. Ya babu ya Karekezi, mwalimu alianza kuimaliza yeye mwenyewe mbele ya darasa, na mashini haijafika pale. Tukacheka!"

"Mulicheka habari ya kufa?"

"Hapana, Mama. Tulicheka mwalimu."

Bénédicte alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Mama yake, Pascaline, aliuza samaki wakavu sokoni Base Camp tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Mimi nilikaa peke yangu. Watu waliniita Mama Néhémie kwa sababu ya mtoto wangu wa kwanza, ambaye hakufikia kutembea. Mungu aliniazima watoto wawili, akawachukua wote kabla hatujavuka. Mume wangu Baudouin alivuka pamoja nami, akafa mwaka wa tatu katika udongo huu. Tangu hapo mlango wangu ulifunguliwa na upepo, au na wamama wa kanisa siku ya maombi ya zamu, ambao huomba, husalimu, huenda.

"Sasa anataka nini huyo mwalimu?"

"Anasema tuulize kitu chenye biro haijauliza. Kitu mikono yako inajua. Mimi nijifunze, kisha nifundishe benzangu ndani ya hii mashini, na picha, na sauti, na maulizo ku mwisho. Mwenye atafundisha muzuri ataenda Mbarara kuonyesha batoto ba shule zingine."

Nilimwangalia. Nilisoma mpaka mwaka wa sita kwa mapadri, na mwalimu wetu aliandika ubaoni, sisi tukaimba alichoandika. Aliyekosa alinyoosha kiganja. Sikuwahi kuona mwalimu anayemtuma mtoto kutafuta somo kwa jirani. Nilifikiri ni mvivu.

Lakini mimi si mtu wa kusema kabla ya kuona. Juma lile nilipokwenda kuteka maji kwenye bomba la shule, niliweka kidumu chini, nikasogea dirishani. Walimwita Mwalimu Hamdu, Mwislamu wa Mbarara, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma. Darasa lile nililijua tangu zamani, nilikuwa nikipita nawaona wakubwa wamelala juu ya viwiko, nzi wanatembea masikioni. Siku hiyo walikuwa vichwa vitatu vitatu juu ya kila tableti. Yeye alichuchumaa kando. Kisha akauliza, "Nani naweza ambia mimi, kwa nini kitunguu naliza macho?" Halafu akangoja. Kimya kilikuwa kirefu mpaka mimi huku nje nikaona aibu kwa ajili yao, nikatamani kujibu. Yeye akangoja tu. Mwisho msichana mmoja wa Kinyarwanda, Mukamazimpaka, akainua mkono akasema kitu kisicho sahihi, na mwalimu akatabasamu kana kwamba ameletewa zawadi. "Sasa tutajua namna gani kama ni kweli?" akawauliza.

Nikabeba kidumu changu. Njiani nikaamua nitamfundisha Bénédicte sabuni.

Sabuni ya majivu nilifundishwa na mama mkwe, huko Uvira. Unakausha maganda ya ndizi mpaka yavunjike mkononi, unayachoma, unachukua majivu meupe peke yake. Unaweka majivu katika kopo lililotobolewa chini, unamwaga maji juu kidogo kidogo, na yale yanayochuruzika ndiyo yatakayokula mafuta. Yanakuwa na rangi ya chai. Unayachemsha na mawese, unakoroga mpaka mkono ulie, na unapata sabuni laini ya kahawia ambayo unaifinyanga madonge.

Bénédicte alifurahi kupita nilivyotazamia. Alipiga picha maganda. Alipiga picha moto. Alipiga picha miguu yangu, nikamkemea, akacheka akaifuta. Kila jambo aliuliza, na maswali yake hayakuwa ya biro.

"Mama, mbona majivu ya kuni hatukutumia?"

"Mama mukwe hakupenda."

"Juu ya nini?"

"Sikumuuliza. Wakati wetu hatukuulizaka mama mukwe."

"Mimi nitamuuliza wangu!"

"Utarudishwa kwenu na sufuria kichwani."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba yangu haikuwa imesikia kicheko cha namna ile. Hata kuta, naweza kusema, zilishtuka.

Siku tulipomwaga maji juu ya majivu ilikuwa Jumanne. Akafungua daftari lake la ndani ya mashini, akaniuliza, kalamu ya kidole tayari:

"Haya maji yanangoja siku ngapi mbele ya kupika?"

Kweli ni hii: yanangoja usiku mmoja. Ukiyakinga jioni, asubuhi unapika. Mama mkwe alifanya hivyo, na mama yake alifanya hivyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa ninamwangalia yule mtoto amechuchumaa karibu na kopo, amekunja sketi ya shule katikati ya magoti ili isichafuke, na nikaona kwamba kesho tutapika, keshokutwa atafinyanga, na Ijumaa hatakuwa na sababu ya kuja.

"Siku saba," nikasema.

"Saba?"

"Saba. Na kila siku lazima kuyaangalia."

Akaandika.

Alikuja kila siku. Alitoka shule, akapitia kwangu kabla ya kwenda kwao, akapiga picha ya yale maji ambayo hayakuwa yakibadilika. Nikamwonyesha unyoya wa kuku: ukiuchovya katika maji makali, zile nywele zake zinalegea, zinayeyuka, unabaki ule mfupa wa katikati. Unyoya uliyeyuka siku ya kwanza, ndiyo kusema maji yalikuwa tayari. Nilimwambia bado. Siku ya tatu nikamwambia bado. Alisoma kitabu chake mlangoni kwangu huku mimi nachagua maharage. Aliniambia habari za wenzake, nani amegombana na nani, nani ameandikiwa barua na Karekezi. Jumapili alikaa karibu nami kanisani badala ya kukaa na kwaya ya watoto, na mama mmoja akauliza, "Mama Néhémie, umepata mujukuu?" Sikukana.

Nilisali kila asubuhi na kila jioni siku hizo. Niliombea wagonjwa, niliombea walio njiani, niliombea shule. Sikutaja siku saba. Mtu anaweza kupiga magoti saa nzima na kulizunguka jambo moja kama mbuzi anavyozunguka kigingi.

Siku ya nane tulipika. Sabuni ilitoka nzuri. Akafinyanga madonge tisa, akayapanga juu ya jani, akamaliza somo lake la ndani ya mashini. Akaniwekea nisikie: sauti yake, sauti yangu, picha zikipita moja moja. Mwishoni kulikuwa na maulizo matatu, na la pili lilikuwa hili: maji ya majivu hungoja siku ngapi? Ukigusa "saba", mashini inalia kama kengele ndogo na kukuandikia "vizuri".

Niliigusa mimi mwenyewe, kwa sababu alinishika kidole. Kengele ikalia.

Jumatatu iliyofuata alikuja akiwa amevimba macho. Hakukaa.

"Benzangu banasema somo langu ni bongo, ni uongo tupu."

"Kina nani?"

"Mukamazimpaka. Mama yake anapikaka sabuni, kule Rugaaga bananunuaga kwake. Anasema ni usiku mumoja tu. Alisema mbele ya darasa yote. Eti, 'Siku saba? Huyo bibi yako anangoja sabuni ao anangoja kufufuka?' Bote bakacheka. Hata mwalimu alicheka kidogo."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema Mama Néhémie hadanganyake. Nilisema yeye ni mutu wa maombi, hata batu ba kanisa banamuitaka akiwa na shida. Nilisema mama ya Mukamazimpaka njo mwongo." Akapangusa pua kwa mkono. "Mwalimu alisema tusigombane. Alisema Ijumaa atachagua bale ba kwenda Mbarara, na somo lenye liko na kosa haliwezi kwenda. Mama, ni saba. Si ndiyo?"

Mungu alinipa nafasi pale pale, mlangoni kwangu, mimi na yeye tu. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Nenda nyumbani upumzike. Nitaenda kuongea na mwalimu."

Akafikiri nakwenda kumtetea. Alitabasamu.

Usingizi sikuupata sana. Asubuhi nilivaa nguo ya kanisa, nikaenda shule kwa miguu. Nilitaka kumwambia mwalimu pembeni, chini ya ukuta, mambo ya watu wazima. Lakini Mwalimu Hamdu aliniona dirishani, akafungua mlango kwa mikono miwili.

"Nyabo! Mama ya sabuni! Karibu, karibu ndani. Batoto, amuka, salimia mama."

Wakaamka wote sitini. Mukamazimpaka aliangalia dawati. Bénédicte alikuwa mstari wa pili, shingo imenyooka kama askari anayengoja bendera ipande.

Sikuwahi kusimama mbele ya darasa maisha yangu yote. Mbele ya biro, ndiyo. Mbele ya maiti, ndiyo. Nikashika kona ya meza.

"Nimekuya kusema kitu. Maji ya majivu yanangoja usiku mumoja. Mama ya huyu binti anasema kweli. Bénédicte hakukosa. Aliandika kile nilimwambia. Mimi nilijua ni usiku mumoja, na nilimwambia saba."

Mtoto mmoja nyuma akasema "Ayiii!" na mwingine akampiga kiwiko. Nilingoja mwalimu aniambie asante, mama, tumesamehe, nenda salama. Hakusema hivyo. Alivua kofia, akajikuna, akawageukia.

"Sasa hii iko kazi ya kweli. Jana mama nasema saba. Leo mama nasema moja. Sisi tutajua namna gani mama gani nasema kweli, wa jana ao wa leo?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nilikuwa nimeleta ungamo langu, limenigharimu usingizi, na yeye alilipokea kama lile jibu la kitunguu, kitu cha kupimwa. Baadaye nilifikiri kwamba hakukuwa na ubaya ndani yake. Ndivyo anavyofundisha. Lakini wakati ule nilitamani sakafu inimeze.

Mukamazimpaka akainua mkono. "Tujaribu na unyoya. Bénédicte aweke maji mapya leo, kesho tupime. Na yale ya siku saba, kama yamebaki."

"Yalibaki," nikasema. "Niko na chupa nyumbani."

"Nani napiga picha?" akauliza mwalimu.

Bénédicte alisimama, akachukua tableti. Hakuniangalia usoni, aliniangalia kupitia kile kioo. Akasogea mpaka mashini ikawa karibu na mdomo wangu kama siku ile ya kwanza, na taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, "kwa nini ulisema siku saba?"

Mwalimu alingoja. Nilijua jinsi anavyongoja.

Maneno yangu ya biro yalikuja yenyewe ulimini, jina la baba, jina la babu, kama mbwa waliozoea kuitwa. Nikayarudisha. Hapakuwa na tarehe ya jambo hili, wala kijiji.

"Nilitaka uwe unakuya," nikasema. "Kama ingekuwa usiku mumoja, ungemaliza kuya."

Alibonyeza, taa ikazima.

Kesho yake walipima bila mimi. Nilisikia Ijumaa kwa Pascaline aliyepita na beseni lake: unyoya uliyeyuka katika maji ya usiku mmoja, ukayeyuka katika maji ya siku saba, sawasawa, na mtoto wake amepiga picha zote mbili. "Bamemuchagua!" akasema. "Anaenda Mbarara. Na mwalimu anasema na wewe uende, mwenye kufundishwa anaenda na mwenye kumufundisha." Kisha akasimama kidogo, akashusha beseni. "Mama Néhémie, kama ulitaka mutoto akuye, ungeniambia tu. Mi niko sokoni siku yote. Ningemutuma."

Mtoto aliyetumwa si mtoto aliyekuja, lakini huwezi kumwambia mama yake hivyo.

Mbarara tulikwenda Jumamosi katika pikapu ya shule, watoto wanne na mwalimu na mimi. Ulikuwa ukumbi wa shule kubwa ya mjini, vioo madirishani, viti vya plastiki mistari kwa mistari, na ukutani kitambaa cheupe ambapo picha zilitokea kubwa kama nyumba. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Niliona somo la watoto wa mjini juu ya taka za soko, na somo la mbu. Kisha akasimama Bénédicte, sketi imepigwa pasi.

Alikuwa amelibadilisha lote. Lilianza na unyoya. Aliwauliza kwanza wao: siku ngapi? Wakapiga kelele, mbili, tano, kumi. Akangoja. Nikamwona anangoja kama mwalimu wake, uso umetulia, na mimi huku nyuma nikashika kiti. Akawaonyesha maji ya aina mbili, manyoya mawili. Halafu akasema, "Mwenye kunifundisha alisema saba. Tulimuuliza juu ya nini." Na sauti yangu ikatoka katika vile vipaza sauti, ikajaza ukumbi wote: nilitaka uwe unakuya.

Wachache walicheka, si kwa ubaya. Mama mmoja mbele yangu, amejifunika hijabu ya kijani, akasema "Masikini" polepole, bila kujua kwamba mimi niko nyuma ya shingo yake. Wakapiga makofi. Wengi walisimama.

Baadaye walitugawia soda na keki uani. Watoto wa mjini walimzunguka Bénédicte, hasa msichana mmoja anaitwa Ruqayah, wa kimo chake, aliyetaka kujua kama sabuni ile inatoa povu na kama Nakivale kuna duka la simu. Walikuwa wameshikana mikono tayari, kwa namna watoto wa umri huo wanavyojuana kwa dakika tano. Nilisimama kando na soda yangu, sikutaka kuwasumbua. Ruqayah akaniona, akanionyesha kwa kidevu.

"Huyo ndiyo bibi yako? Ya sauti?"

Bénédicte aligeuka. Hakuwa na hasira usoni, nawaapia. Alinipungia mkono vizuri, kwa heshima.

"Hapana," akamwambia mwenzake. "Ni jirani yetu."

Alisema kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha tofauti ya kweli na isiyo kweli, mbele ya watu, kwa gharama yangu, na sasa aliisema vizuri. Nilikunywa soda mpaka ikaisha.

Muhula ulifungwa, ukafunguliwa. Tangu hapo Bénédicte anapopita anasalimu, "Mama, uko?" na mimi najibu, "Niko," na yeye anaendelea na wenzake, pamoja na Mukamazimpaka, ambaye sasa ni rafiki yake. Sabuni yao wanapika kwa mama wa Mukamazimpaka, kwa sababu kule kuna sufuria kubwa. Mwalimu Hamdu alinitumia salamu nije darasani siku nyingine nifundishe kusuka jamvi. Nilisema nitaangalia.

Ule uongo nimeuungama kanisani, nimesimama, nimelia, wamama wameniombea. Hilo limekwisha. Lakini kuna jambo lingine ambalo huwa nalipeleka peke yangu kwa Mungu, mlango ukiwa umefungwa, na silimalizi. Namwambia: Bwana, kama ungerudisha ile Jumanne, mtoto amechuchumaa karibu na kopo, amekunja sketi yake, anauliza siku ngapi, sijui kama ningesema moja.

Namwambia hivyo, kisha nangoja.